Cherehani ya Ng'ambo ya Barabara

Jumamosi, 9 Novemba

Kurasa za mbele za daftari hili ni vipimo vya wateja: mabega, kifua, urefu wa mkono. Za nyuma zimebaki nyeupe, na leo sina wa kumpima, kwa hiyo naandika.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Mtaa wetu wa Mtendeni, hapa Tabora, wote unanuka udongo. Bati la chumbani limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya upande wangu wa kitanda. Mume wangu Abasi amesema hela ya kikoba chetu cha akiba ikitoka Desemba tubadilishe bati kwanza, mengine yafuate. Nimekubali.

Leo Elieth, fundi wa ng'ambo ya barabara, ameletewa cherehani ya kudarizi. Niliiona ikishushwa kwenye bajaji, imefungwa blanketi kama mgonjwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Zipu moja. Suruali mbili za kupunguza. Mvua.

Alhamisi, 14 Novemba

Elieth alinijia miaka tisa iliyopita kutoka Nzega, hajui hata kupitisha uzi kwenye sindano. Mama yake alimleta mwenyewe, akaniambia kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba mtoto ni wangu sasa. Nilimfundisha kukata, kuunga, kutia mkono kwenye bega mpaka usijikunje. Alipoiva nikampa meza yangu ya zamani akaanzie maisha. Akapanga chumba ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na wangu. Wakati ule nilikuwa nikiwaonyesha watu kwa kidole: yule ni wa mkono wangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipolisema hilo.

Leo amekuja Mama Doto, mteja wangu tangu nilipoolewa. Mkononi ana kanzu mpya ya mjukuu wake. Nikatandika kitambaa mezani, nikanyoosha mkono nipokee. Kumbe aliingia kuniomba nimtunzie kikapu chake kisilowe, yeye avuke kwa Elieth.

Aliporudi alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka harusini. Akanifunulia kifua cha kanzu. Jina la mjukuu limeandikwa kwa uzi wa dhahabu, herufi zimelala vizuri kama zimechapwa.

"Unakaa tu, mashine inaandika," akaniambia. "Na wewe Kuluthumu ungetafuta ya namna hii."

Nikampa kikapu chake.

Jumatano, 20 Novemba

Asubuhi Elieth alivuka akiwa na mwavuli. Akaniamkia, nikaitikia marahaba nikiwa nimeinama. Akasema anaomba niende nikaione mashine, anielekeze inavyofanya kazi, huenda nikapenda. Nikamjibu nina kazi nyingi. Akatazama cherehani yangu, akarudi zake. Nilipoinua macho nikaona kwamba nilikuwa nikikanyaga pedeli bila uzi.

Jumatano, 27 Novemba

Beseni la kukingia bati linalovuja limejaa mara mbili. Ng'ambo wameingia wateja watano, kwangu mmoja, naye alikuja kuuliza chenji.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeipata. Kwenye kundi la mtandaoni la vitu vilivyotumika, mtu anayejiita Modest, wa Mwanza, ameweka picha tatu. Ni ileile. Nyeupe vilevile, kioo kidogo upande wa kulia, fremu ya mviringo ya kubania kitambaa. Anasema ni ya mkewe, ambaye amepata ajira na hashoni tena. Bei iko chini kuliko nilivyodhani. Nimeitazama ile picha hadi chaji ikaisha, nikachomeka simu nikaitazama tena.

Jumanne, 3 Desemba

Nimezungumza na Modest. Ana sauti ya upole, ananiita mama yangu. Anasema yuko mnunuzi wa Shinyanga anayeitaka Ijumaa, ila angependa nipate mimi, maana fundi ataitunza.

Abasi amesikiliza yote akiwa anaunga tyubu ya baiskeli ya mtu barazani. Akauliza kwa nini inauzwa rahisi hivyo. Kisha akasema mpwa wake Majidi yuko Mwanza, aende akaione ikishona ndipo tulipe. Na akasema nimuulize Elieth yake aliinunuaje, kwa kuwa naye aliipata mtandaoni.

Nikamwuliza kama anataka nikapige magoti kwa mwanafunzi wangu nifundishwe kununua cherehani. Akasema hakutaja magoti. Akaniuliza kuhusu bati. Nikasema bati litasubiri kikoba kijacho, mashine ikifika italipa bati na dari juu yake. Akarudi kwenye tyubu yake. Abasi akinyamaza huwa hajakubali, na mimi hujifanya sijui.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimetuma. Modest alisema Majidi asijisumbue, mashine imeshafungwa na iko ofisi ya basi, ikifunguliwa itabidi ipakiwe upya. Niliona ni bahati, nitaipata mapema. Alinitumia picha ya risiti ya mzigo ikiwa na jina langu, Kuluthumu, limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nililisoma mara nyingi. Hela ya kikoba yote imekwenda, na ile ya akiba ndani ya kopo.

Mchana mashine ya ng'ambo ilikuwa ikigonga, inapumzika, inagonga tena. Kwa mara ya kwanza haikuniuma. Nilikuwa nikipanga nitakapoiweka ya kwangu: karibu na mlango, wapita njia waione.

Jumapili, 8 Desemba

Nilikuwa stendi kuanzia saa nne hadi saa nane, nimejikinga mvua chini ya ukuta wa ofisi za mabasi. Mzigo haukushuka. Karani aliitazama risiti kwenye simu yangu, akasema, "Mama, hii si karatasi yetu. Sisi hatuna kitabu cha rangi hii." Nilimkasirikia yeye. Nikamwambia hajui kazi.

Modest akaeleza kwamba mzigo ulihamishiwa basi jingine na umekwama njiani kwa sababu haukulipiwa bima. Akataja kiasi. Nikaenda kukopa kwa shoga yangu nikatuma, nikiwa bado nimelowa.

Jumanne, 10 Desemba

Simu yake haipatikani.

Jumatano, 11 Desemba

Haipatikani.

Alhamisi, 12 Desemba

Haipatikani. Picha yake ya watsapu imeondoka, umebaki mduara wa kijivu.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemwambia Abasi mzigo unachelewa kwa sababu ya mvua. Aliitikia, akaenda kumwaga maji ya beseni.

Sijui kipi kinanila zaidi, hela au kule ng'ambo. Hela ikipotea naweza kuilia. Lakini Elieth akipita na kunisalimia, akicheka na wateja wake, najiona kama nimevuliwa nguo barabarani na yeye peke yake ndiye aliyevaa.

Alhamisi, 19 Desemba

Leo nilifungua zile picha tatu ili nizifute. Nikaikuza moja, sijui kwa nini. Kwa wiki tatu nilikuwa nikitazama mashine tu. Leo nikaitazama meza.

Pembeni, karibu na mguu wa mashine, kuna alama nyeusi ya pasi. Ncha yake imepinda kidogo kushoto. Naijua alama hiyo. Elieth ndiye aliyeiunguza, mwaka wake wa pili kwangu, siku aliyopokea simu ya msiba wa baba yake akasahau pasi juu ya mbao. Sikumgombeza siku ile. Ni meza yangu. Ni meza niliyompa.

Mashine niliyoilipia iko ng'ambo ya barabara, nimekuwa nikiisikia kila siku.

Nimeyaunganisha yote. Alijua naitaka. Alikuja na mwavuli wake kunionjesha. Akamtafuta mwanamume wa kuongea kwenye simu. Na nitasema ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: pamoja na hasira, nilipata raha. Nilikuwa nimemtafutia Elieth kosa tangu mvua ya kwanza, na sasa kosa lilikuwa kubwa kuliko nilivyoomba.

Ijumaa, 20 Desemba

Nilivuka saa tano, barabara ina matope. Ndani kulikuwa na wateja wanne, Mama Doto akiwa mmoja wao. Elieth akasimama kuniamkia. Sikuitikia.

Nikainua simu yenye picha, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza mkaa kwamba huyu niliyemfundisha kushika mkasi ameniibia. Nikataja Modest, risiti, bima, hela ya kikoba, kila kitu isipokuwa kiasi. Nikawaonyesha alama ya pasi kwenye picha, kisha nikaisogeza fremu na kuwaonyesha alama hiyohiyo mezani. Mama Doto akaweka mkono mdomoni.

Elieth alichukua simu, akaitazama picha kwa muda. Akasema ni picha yake, aliipiga yeye siku mashine ilipofika, akaiweka kwenye ukurasa wake wa biashara ili watu wajue amepata mashine. Mtu yeyote anaweza kuichukua. Akafungua ukurasa wake anionyeshe. Niliukataa mkono wake.

"Fundi," akasema, "kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza hata siku moja kabla."

"Nikuulize nini, mwizi?"

Elieth aliizima mashine. Nikarudi kwangu, nimejaza tope kwenye kandambili, na wateja wawili wakatoka nyuma yangu bila kuchukua nguo zao.

Abasi alikuwa ameshasikia kabla sijafika. Hakuniuliza habari za hela. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia meza ni ushahidi. Akasema, "Basi Jumatatu twende polisi, ukayaseme hayo yaandikwe."

Jumatatu, 23 Desemba

Kituo cha polisi. Anayeshughulikia kesi za mtandao ni Afande Masanja, mtu mzima mwenye miwani, anaandika taratibu. Alitaka namba ya simu, ujumbe wote, picha ya risiti, tarehe na saa za kutuma. Akashukuru kwamba sikufuta kitu. Kisha akaniuliza ni lini niligundua. Nilipomtajia tarehe akaweka kalamu chini. Akasema mtu akitoa taarifa saa ileile, kwa polisi na kwa mtandao wa simu, mara nyingine hela hukutwa bado ipo kwenye akaunti na kuzuiwa. Mimi, tangu nitume, niliwapa siku kumi na saba.

Nikamwambia mwizi namjua, anaishi mbele ya mlango wangu. Akauliza ushahidi. Nikasema meza. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika namba ya Modest, jina la Elieth hakuliandika.

Njiani Abasi alisukuma baiskeli badala ya kunipakia, tukaenda kwa miguu hadi nyumbani.

Jumatano, 25 Desemba

Elieth amekwenda kwao Nzega kwa Krismasi. Mlango wake umefungwa. Kumetulia.

Jumamosi, 4 Januari

Mama Doto anaijua kazi yake. Habari imefika hadi sokoni. Wiki hii nimepokea sare za shule kumi na tisa, na kila anayeleta anakaa kidogo barazani, anataka kusikia tena. Nami nasimulia. Kila mara naongeza kitu. Leo nilisema Elieth alicheka niliposhika ile fremu. Hakucheka.

Jumatano, 8 Januari

Amekuja mwalimu mkuu wa shule moja ya Ntalikwa, Mwalimu Ngassa, kwa pikipiki, koti lake limelowa. Shule yake ilikuwa imempa Elieth tenda ya sare zote za wanafunzi wapya, pamoja na nembo za masweta. Amesema kamati ya wazazi imekataa, hawataki jina la shule liandikwe na mtu wa kashfa. Akauliza kama naweza sare. Nembo watanunua za kubandika.

Nikasema naweza. Alipoondoka nilicheka peke yangu, kisha nikaona sijui nimecheka nini.

Jumapili, 12 Januari

Kazi imenizidi. Mgongo.

Alhamisi, 16 Januari

Elieth ana mteja mmoja kwa siku, au hana. Nimezoea kuhesabu, siwezi kuacha. Anakaa mlangoni akisoma simu. Mashine ya kudarizi haijalia tangu nilipoingia mle. Abasi ananiambia habari za mvua, za baiskeli, za bei ya mahindi. Elieth hamtaji, nami namsikia akimsalimia kila asubuhi, kwa sauti ya kutosha ili nisikie.

Jumatatu, 3 Februari

Niandike kwa mpangilio, kwa kuwa kichwa kimechoka.

Saa tatu nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa ofisi inayowarejeshea watu hela walizotapeliwa. Alinitaja jina. Alitaja Modest. Alitaja na kiasi nilichotuma, hadi ile ya bima. Akasema hela imepatikana, imezuiwa, inangoja tu nilipie ada ya kuifungulia, leo kabla ya saa sita, vinginevyo itarudishwa kwa mtuhumiwa. Nilitaka kupiga sujudu palepale. Nikachukua malipo ya sare za Ntalikwa, niliyokuwa nimelipwa Ijumaa, nikakimbia kwa wakala wa pesa za simu kwenye kona. Mvua ilikuwa ya mawe.

Kwa wakala palikuwa pamejaa watu waliojikinga. Elieth alikuwa mmoja wao, amesimama karibu na dirisha. Nikampita. Nikamtajia wakala namba na kiasi, na yule mtu wa ofisi akiwa bado hewani ananihimiza. Nilikuwa nimeweka sauti ya nje, sijui kutumia simu na mvua pamoja.

"Fundi, usitume," Elieth akasema.

Nikamwambia asinisemeshe.

"Sawa, usinisemeshe. Lakini sikiliza. Hicho kiasi anachokitaja, cha kwanza na cha bima, kukijua unakijua wewe, mzee Abasi, polisi na aliyekuibia. Mwulize yeye ni nani kati ya hao."

Watu wote wakageuka. Wakala akaondoa kidole kwenye simu yake. Nikawa nimesimama na hela mkononi, hela ya tenda iliyokuwa yake. Nikamwuliza yule mtu ofisi yao iko wapi, na kama anamjua Afande Masanja. Akaniambia nipunguze maswali, muda unakwisha. Nikamwuliza tena. Akakata.

Elieth alikuwa ameshafungua mwavuli. Akatoka kwenye mawe yale bila kungoja asante, nami sikuwa nayo.

Ijumaa, 7 Februari

Kwa siku nne nimekuwa nikirudia jambo moja. Mwizi angeniacha nitume.

Nimejaribu kulipindua. Labda alijua wakala anamtazama. Labda ameogopa. Kila ninalolishika linakatika. Na hata hapo, nikiwa peke yangu na kalamu, kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa na akili ya kuona kwa dakika moja nisichoona mimi kwa miezi miwili. Hata hilo nimemwonea wivu.

Jumamosi, 15 Februari

Sijasimulia mtu wiki nzima. Mama Doto alinichokoza, nikamwambia nina sindano mdomoni.

Jumatatu, 24 Februari

Afande Masanja ameniita. Namba ya Modest ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mzee mmoja wa mkoa mwingine ambaye hana hata simu ya kupangusa. Wapo wengine waliolalamika: mtu wa Igunga aliyelipia friji, mwalimu mmoja aliyelipia pikipiki. Maneno ni yaleyale, mke aliyepata ajira, mnunuzi wa Shinyanga, bima. Picha zote zilichukuliwa kwenye kurasa za watu wa biashara wasiojua kitu. Mwanamume mmoja amekamatwa mbali na hapa, na laini yake mojawapo ilifungwa ikiwa na salio. Huenda nikapata ile ya bima. Ile kubwa nisiitegemee.

Nikasimama niondoke. Akasema, "Yule fundi uliyemtaja, naye ameibiwa. Wewe umeibiwa hela, yeye ameibiwa picha. Na mara ya pili ameibiwa jina." Hakusema na nani.

Jumanne, 25 Februari

Nimeshona siku nzima bila kufungua redio.

Alhamisi, 27 Februari

Abasi amekuwa mpole kwangu, na sikutaka upole. Nilimwambia nitavuka usiku, watu wakilala, niongee na Elieth faraghani. Akaniuliza nilimwita mwizi saa ngapi. Nikasema saa tano asubuhi.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Nilivuka saa tano.

Hakukuwa na wateja wa kunisikia, hilo nilikuwa nimelisababisha mimi. Kwa hiyo nilimpitia Mama Doto kwake, na njiani nikawaita muuza mkaa na yule wakala. Walikuja wakidhani kuna ugomvi mpya. Nikasimama mlangoni pa Elieth, nikaitoa salamu, nikasema niliyopaswa kusema. Kwamba hakuniibia. Kwamba picha zake zilichukuliwa na tapeli, na polisi wamethibitisha. Kwamba hakucheka siku ile, nilizusha. Kwamba nilimwonea wivu kabla ya yote hayo, kwa ajili ya mashine na wateja, na wivu ulinizuia kumwuliza, na kama ningemwuliza ningekuwa na hela yangu.

Mama Doto alikuwa akitazama chini. Sauti yangu ilikatika kwenye neno wivu, nikalirudia ili lisikike.

Elieth alikuwa amekaa. Aliniacha nimalize.

"Nimekusikia, fundi," akasema. "Mama yangu aliuliza Krismasi kwa nini sina kazi. Nikamwambia mvua ni nyingi, watu hawatoki. Ilibidi nimdanganye mama yangu kwa ajili yako."

Nikasema naomba radhi. Akasema amesikia hilo pia. Hakusema amesamehe. Nilingoja kidogo, kisha nikaona kungoja nako ni kumdai.

Jumatano, 5 Machi

Abasi alinipakia kwenye baiskeli hadi Ntalikwa. Mahindi yameshapita vichwa vya watu. Nikamweleza Mwalimu Ngassa yote mbele ya walimu wenzake. Alikasirika, na ana haki. Akasema ataiambia kamati. Nembo za kubandika zimeshaanza kubanduka kwenye masweta ya watoto, hilo nimeliona mwenyewe.

Jumatano, 19 Machi

Mashine imelia leo, mara ya kwanza. Kanzu za Idi. Nilisimamisha ya kwangu nikasikiliza. Bado inauma. Nilidhani nikishakiri itaacha kuuma.

Wanaotaka majina kifuani nawavusha mwenyewe, namshika mteja mkono hadi mlangoni pake. Elieth anasema asante fundi, basi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika kwenye lile kundi la mtandaoni, kwa jina langu, na picha ya risiti ya uongo. Niliomba kwanza ruhusa ya Elieth kueleza kwamba picha ni zake. Wengi wamenicheka. Mmoja ameandika kwamba fundi wa Tabora ameshonwa.

Jumatano, 26 Machi

Amenipigia mwanamke wa Kaliua, Julieth, naye fundi. Alikuwa ameshaweka hela kwenye simu, amtumie mtu anayeuza mashine ya kudarizi, picha ileile ya meza yenye alama ya pasi. Alisoma nilichoandika akiwa kwenye foleni ya wakala. Akaniuliza maswali mengi mfululizo, bila kuona haya, mengine ya kitoto. Mwisho akauliza sasa afanyeje apate ya kweli. Nikamwambia mimi sijui, ila namjua anayejua.

Alisema atakuja kwa treni baada ya Idi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepewa hela ya bima. Nimemrudishia shoga yangu. Mvua zinapungua, bati halijabadilishwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Julieth amefika leo. Mwanamke mnene, mchangamfu, mfuko wa karanga begani, zawadi ya mtu ambaye hajapoteza kitu. Nilipomwona anacheka nikahisi kile kitu kikipanda tena kifuani. Nilimwonea wivu kwa hela iliyobaki kwenye simu yake, na zaidi kwa vile alivyouliza.

Nikamvusha. Nilikusudia nimfikishe nirudi.

Elieth aliacha kazi yake, akavuta kiti, akamkaribisha. Julieth akauliza la kwanza: nitajuaje kama mashine ipo kweli? Elieth akamjibu kwamba yeye alimwambia muuzaji aandike jina lake Elieth na tarehe ya siku ile kwenye karatasi, aibandike kwenye mashine, apige picha upya. Wawili walikataa, akaachana nao. Wa tatu akakubali. Kisha akamtuma binamu yake akaione ikidarizi kwenye kitambaa alichokwenda nacho yeye, na hela ikatolewa palepale, mkono kwa mkono, si kabla. Anayekuharakisha, akasema, mwache aende na haraka yake.

Nilikuwa nimesimama kizingitini, mguu mmoja nje. Ndicho alichotaka kunieleza Novemba, na mwavuli mkononi. Yote hayo yalichukua muda wa kupika chai.

Julieth akafungua mdomo aulize la pili. Elieth akamwonyesha kwa mkono angoje. Akainuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kiti kingine. Akakiweka karibu na mashine, akakifuta uzi kwa kiganja.

"Fundi," akasema bila kunitazama, "utasikia vizuri ukiwa hapa."

Nikaingia, nikakaa.